Fazi ya Bei ya Pasi

Binti yangu wa kwanza ni mshonaji wa sare za shule katika kiwanda kidogo nyuma ya kituo cha mafuta. Kazi yake ni kola. Shati linafika kwake halina shingo, linaondoka lina shingo. Mtaani wanamwita Waya, kwanza kwa sababu ya wembamba wake, halafu kwa sababu tangu aliponunua gitaa la umeme haonekani njiani bila waya uliozungushwa begani. Hajaolewa, na anayemuuliza anajibiwa kwamba foleni ni ndefu, akae nyuma.

Kwetu hakuna aliyewahi kupiga chombo chochote. Alijifunza kwa kutazama vidole vya watu. Kukiwa na sherehe ukumbini, wenzake walisimama dirisha la upande wa bibi harusi, yeye la upande wa mpiga gitaa. Bendi anayopigia ilimchukua kwa gitaa la rithimu, yaani lile linalokwenda chini chini kama mtu anayekatakata vitunguu wakati wengine wanazungumza. Alikaa hapo miaka, hakuna aliyemlalamikia na hakuna aliyemtaja.

Mwaka huu mpiga solo wao aliacha, akaenda kuendesha lori. Wakati huohuo bendi ilikuwa imepata mkataba wa kupiga hotelini, mji mwingine, nusu mwaka. Hoteli ilitaka watu wanne tu, na nafasi ya rithimu haikuwamo. Kiongozi wao, mpiga besi mwenye tumbo kubwa na sauti ndogo, akamwambia Waya kwamba atampa solo akimridhisha mazoezini Jumatano. Asipomridhisha, ataazima mtu kutoka bendi nyingine, na yeye atabaki na kola zake.

"Vidole unavyo," alimwambia. "Sauti ndiyo huna. Yako safi mno, ya kubembelezea watoto. Kule kuna nyimbo zinazotaka gitaa linalokoroma. Tafuta fazi."

Fazi, kama hujawahi kuiona, ni kisanduku cha chuma, ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia, kinachokaa sakafuni kati ya gitaa na amplifaya. Mpigaji anakikanyaga na sauti inabadilika. Gitaa lililokuwa linalia kama kengele linaanza kukwaruza na kunguruma, kama nyuki waliofungiwa ndani ya debe. Nilipoisikia mara ya kwanza nilidhani kuna kitu kimeungua.

Nilikwenda naye dukani kwa sababu nauza nguo za mitumba, na jicho langu limezoea kutafuta doa. Rafu ya juu kulikuwa na fazi ya bei ya jokofu. Rafu ya chini kulikuwa na nyingine ya bei ya pasi ya umeme, mpya, ndani ya boksi lisilo na maelezo ya maana.

"Dada, hizi mbili ni baba mmoja, mama mmoja," muuzaji akamwambia Waya.

"Mbona moja imesomeshwa na nyingine imeachwa nyumbani?" nikamuuliza.

Akacheka. "Mama, wewe nimekuogopa tangu mlangoni."

Nikaichukua, nikaigeuza. Skrubu zote zilikuwa zimekaa. Rangi haikutoka nilipoikwaruza kwa ukucha. Swichi ya kukanyagia ilikuwa ngumu, Waya akasema ngumu ni afadhali kuliko legevu. Juu kulikuwa na nobu tatu za kuzungusha: ya ukubwa wa sauti, ya kiasi cha mkwaruzo, na ya kuifanya sauti iwe nene au nyembamba. Hii ya mwisho ilikuwa inacheza kama jino la mtoto. Nikaigusa tu. Muuzaji akapunguza bei mwenyewe.

Waya akachomeka gitaa, akapiga noti moja. Vioo vya kabati vikatetemeka. Kwa umeme wa ukutani ile fazi iliunguruma hata alipokuwa hajagusa nyuzi. Alipoweka betri, mngurumo ukakatika. Kisha akapunguza sauti kwenye gitaa lenyewe, na mkwaruzo ukapungua nao, mpaka gitaa likawa karibu safi. Hilo akalirudia tena na tena, uso umekunjamana.

"Zile za ghali zinafanya hivi," akaniambia. "Hii sikuitegemea."

"Kwa hiyo ni nzuri?"

"Sijui bado, Mama."

Muuzaji akakubali tukaijaribu mpaka Alhamisi, irudi bila mchubuko, na mimi nimwachie kitambulisho changu.

"Usije ukaniozesha nacho," nikamwambia.

Nyumbani tuna vyumba viwili, na ukuta unaotutenga na jirani yetu, Mama Pacha, ni jina tu. Ukikohoa, anakupa pole. Kwa hiyo Waya amezoea kufanya mazoezi kwa spika ndogo, sauti chini, amekaa ukingoni mwa kitanda. Alasiri hiyo alizungusha nobu mpaka akapata kitu alichokipenda: mkwaruzo mwisho, unene mwisho. Hata mimi niliipenda. Ilijaa chumbani kama blanketi zito.

"Waya!" Mama Pacha akaita kutoka upande wa pili. "Hiyo mashine ya kusaga iko kwenu au kwetu?"

"Kwetu, Mama Pacha!"

"Basi saga taratibu, wanangu ndiyo kwanza wamelala!"

Akapunguza tena. Kisha akachukua chaki ya kushonea, akaweka alama kwenye kila nobu, kama anavyoweka alama ya pindo. Kiwandani kwao chaki ni sheria. Aliyepima amepima, anayeshona anafuata mstari, hapimi tena. Akafunga fazi kwenye kitambaa, akaiweka mfukoni mwa begi. Mimi nilikuwa nikifikiria vyumba vya hotelini, na kama milango yake ina komeo la ndani.

Jumatano nilimfuata mazoezini kwa kisingizio cha kumpelekea koti. Wanapigia ndani ya ghala ambalo nusu yake imejaa mifuko ya saruji. Nikakaa mlangoni juu ya kreti. Wakaanza. Waya alikuwa ameiweka fazi mbele ya mguu, nobu zote kwenye alama zake. Ilipofika zamu ya solo akakanyaga, na mimi sikusikia kitu. Nilimwona vidole vinakwenda, mdomo ameukaza. Dramu ilikuwepo, besi ilikuwepo, mwanangu hakuwepo. Ule unene tulioupenda chumbani ulikuwa umeingia palepale penye besi, na besi imeumeza.

Kiongozi akainua mkono. "Uko wapi?"

"Nipo."

"Hupo. Nakuona tu."

"Anapiga kwa siri," mpiga dramu akasema, "majirani wasijue."

Wakacheka wote isipokuwa Waya. Akaambiwa aongeze sauti. Akaongeza. Kelele ikawa kubwa, lakini wimbo anaoupiga ulikuwa bado haushikiki. Kiongozi akakitazama kile kisanduku, akauliza bei, akaambiwa.

"Bei ya pasi? Basi kakunyooshee nguo. Rudisha dukani, mimi nampigia yule jamaa." Akatoa simu mfukoni.

Nikaanza kulikunja koti. Nilikuwa nimeshapanga chakula cha jioni kichwani, cha watu wote wa nyumbani, yeye akiwemo.

"Kiongozi," Waya akasema, "wimbo mmoja tena."

"Mmoja. Simu iko mkononi."

Akapiga magoti. Akazitazama zile alama, nadhani kwa muda mrefu kuliko alivyotaka, kisha akazifuta kwa kidole gumba. Mkwaruzo akaurudisha chini ya nusu. Nobu inayocheza akaipeleka kwenye wembamba. Kwenye amplifaya akapandisha sauti za kati, zile ambazo mtu anazungumza nazo. Akageuka.

"Mama, nenda kule mwisho kwenye mifuko. Ukinisikia, inua mkono."

Nikaenda. Akapiga peke yake kidogo, kujaribu. Ilikuwa sauti mbaya, ya puani, kama mbu ndani ya kopo.

"Afadhali ile ya kwanza," mpiga dramu akasema.

"Ni mbaya ikiwa peke yake. Ingieni."

Wakaingia. Ilipofika zamu yake akakanyaga, na mkono wangu ulikuwa juu kabla sijaamua kuuinua. Kila noti ilinifikia, nyembamba na yenye meno, katikati ya besi na matoazi, mahali ambapo palikuwa wazi. Kiitikio kilipokuja hakukanyaga tena. Alipunguza sauti ya gitaa kwa kidole kidogo na mkwaruzo ukatulia ili mwimbaji asikike, kisha akaipandisha ukarudi. Mpiga dramu alikuwa anamtazama yeye, si ngoma zake.

Walipomaliza, kiongozi alirudisha simu mfukoni.

"Kwa hiyo ni fazi nzuri?" akauliza.

"Ya kawaida," Waya akasema. "Nobu moja inacheza. Kwa umeme wa ukutani inaunguruma. Ikiwa peke yake siipendi. Lakini kwa kazi yetu inatosha, na kwa bei yake imezidi."

"Kanunue. Na safari uje na betri za akiba."

Wenzake walielewa, maana mpiga dramu alimwambia Waya aanze kuzoea kusimama mbele, asiendelee kujibanza kwenye ngoma zake.

Alhamisi tulimlipa muuzaji, nikachukua kitambulisho changu. Alituuliza kama tulikuwa na mashaka nayo, Waya akamwambia mashaka anayo mpaka sasa, ila ameshajua yanakaa wapi. Kutoka hapo alikwenda kiwandani kuaga. Sikuingia naye. Nilisimama nje, ng'ambo ya barabara, nikihesabiwa na wanaume wa kituo cha mafuta kama mtu anayesubiri gari. Nilikuwa nimemshauri jambo moja tu: aombe ruhusa, asiache kazi. Nusu mwaka si mwingi, na hoteli zinafungwa.

Alitoka bila aproni yake.

"Msimamizi kasemaje?" nikamuuliza.

"Kasema atanitunzia cherehani yangu. Nikishindwa huko, nirudi."

"Afadhali. Na wewe ukasemaje?"

"Nikamwambia ampe yule dada wa vifungo," akasema, akiuweka waya vizuri begani. "Ana mkono mzuri, na kola amechoka kuzitazama kwa mbali."