Jani Likisagwa

Mke wangu kazi yake ni kutwanga majani, na usicheke. Kila asubuhi anavaa koti jeupe, anaingia chumba cha baridi pale maabara, anatwanga majani ya mmea mmoja wa maua madogo meupe ndani ya kinu kilichojaa barafu. Miaka nenda rudi, mmea ule ule. Mimi fundi cherehani, ningeng'ang'ania shati moja hivyo wateja wangenikimbia.

Anachotafuta ni vimeng'enya. Alinieleza mpaka nikasinzia, ila kidogo kilibaki. Kimeng'enya ni uzi mrefu uliojikunja wenyewe ukaacha mfuko, na mfuko huo umekatwa kwa kipimo cha mteja mmoja tu. Mteja akiingia anabanwa, anakatwa kipande, anatoka kitu kingine kabisa. Hivyo ndivyo mmea unavyotengeneza alkaloidi, zile sumu chungu za kufukuzia wadudu. Na mmea si mjinga. Ndani ya jani, kimeng'enya kinakaa chumba chake na huyo mteja kafungiwa chumba kingine. Mdudu akitafuna, kuta zinavunjika, wanakutana, sumu inazaliwa papo hapo. Ndiyo maana mke wangu anatwanga kwenye barafu, kimeng'enya kikipigwa na baridi hakina nguvu.

Pale maabara miche ya mmea huo ikizidi wafanyakazi wanagawana, wanapambia nyumba. Wetu ulikaa dirishani jikoni. Mama mkwe, anayeishi nasi na ana ugonjwa wa sukari, aliuliza kama mjukuu wake, mwanetu mdogo, akishika majani yale kuna hatari. Mke wangu akajibu huku anafunga kamba za viatu, "Jani likiwa zima halina neno, mama." Akaenda zake kazini.

Jumamosi nilikuwa nashona sebuleni, nikasikia blenda. Nikajua juisi. Mke wangu aliporudi kutoka dukani akakuta mche umebaki vijiti. Alinusa blenda, akamgeukia mama yake.

"Mama, umekunywa hii?"

"Nimekunywa, mwanangu. Jirani kaniambia majani machungu yanashusha sukari. Na wewe si ulisema hayana neno?"

"Umekunywa kiasi gani?"

"Glasi moja tu. Chungu hiyo, we acha."

Niliogopa, sioni haya kusema. Kwenye teksi mama mkwe alianza kututania, eti tunamkimbiza kama bibi harusi aliyechelewa. Halafu akasema midomo imekufa ganzi. Mke wangu alikuwa kamshika mkono anahesabu mapigo, anapoteza hesabu, anaanza upya.

Hospitalini mke wangu alimmwagia daktari yote: mfuko wa kimeng'enya ulivyo, unakata wapi, kinatoka nini. Alichora mpaka hewani kwa kidole. Daktari alimsikiliza vizuri, akauliza kwa upole, "Sawa, dada. Sasa hicho kinachotoka kinafanya nini kwenye moyo wa mtu? Na tukizuie kwa dawa gani?"

Mke wangu akafungua mdomo. Mimi nikasubiri, maana huyu ana jibu la kila kitu, hadi huwa ananikera.

"Sijui," akasema. "Hakuna mtu aliyewahi kukinywa."

Mama mkwe alikuwa amelala hapo hapo katikati yetu, macho wazi, anasikia kila neno.