Nilimwambia binti yangu alianzia kwenye kisahani cha kioo, akadhani kimo kabatini kwa bibi yake

Wakuu, salaam aleikum, na wa Bara habari za huko.

Najua humu kuna watu kila uzi kwao ni chai, hadithi ya kutungwa. Leo wekeni vikombe chini. Haya ni ya nyumbani kwangu, na nimefuta na kuandika upya mara nyingi kabla ya kuyaleta.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, naishi Mji Mkongwe, nauza vitambaa Darajani. Mume wangu anafanya kazi hotelini Kendwa, nyumbani anarudi mwisho wa wiki.

Binti yetu, nimwite Nuru, tumempata kwa IVF. Kwa asiyejua, yai la mama na mbegu ya baba vinakutanishwa maabara, vikishashikana daktari anarudisha tumboni kwa mama. Tulimuuliza shehe kwanza. Akasema maadamu vyote ni vyenu na mko ndani ya ndoa, nendeni. Tukaenda Bara.

Kabla ya hapo nilikaa miaka bila mtoto. Waliopita huko wananielewa. Unakwenda kwenye shughuli, kitoto kichanga kinapitishwa mkono kwa mkono, kikikaribia kwako kinarukishwa kwa wa pembeni. Eti wanakuonea huruma! Mimi huruma nilikuwa siitaki. Nilikuwa nataka nipewe yule mtoto nimnuse shingo, basi.

Nilitamani mtoto mpaka nikawa sipiti mtaa wenye duka la nguo za watoto.

Tulipojaaliwa, mama mkwe wangu, nimwite Bi Mwana, akaweka sheria yake. Ni mwanamke mzuri sana, ila ulimi wa watu anauogopa kuliko ugonjwa. Aliniambia, "Haya yabaki chumbani, mwanangu. Watu wa mji huu hawana dogo. Wataja kumwita mtoto wa chupa." Nikamwitikia.

Sasa Nuru kafika miaka mitano, kaanza chuo cha Kurani. Siku moja karudi na jipya. Mwenzake kamwambia watoto wananunuliwa hospitali, na wengine wanapewa watu ambao si mama zao. Akanisimamia mlangoni na juzuu yake kifuani.

"Mama, na mie mlininunua?"

Wakuu, hofu yangu yote ilikuwa hapo. Aibu nilishaizoea. Nilichoogopa ni asikie nusu ya habari kwa mtu mwingine, halafu alale akiamini yeye si wangu.

Nikamkalisha jikoni nikamwambia ukweli kwa kipimo chake. "Mama alikuwa nacho cha kutengenezea mtoto, na Baba anacho, lakini tumboni vilikuwa havikutani. Daktari akavitoa, akaviweka pamoja kwenye kisahani cha kioo, akakitia kwenye kabati lenye joto. Vikashikana. Ndiye wewe hapo, mdogo hata macho hayakuoni. Akakurudisha tumboni kwangu, ukakua humo mpaka ukazaliwa."

Akafikiri. "Hicho kisahani kiko wapi?"

Mimi nina chapati inaungua. Nikamjibu tu, "Kipo, kimewekwa vizuri."

Hapo ndipo nilipoharibu.

Maana mtoto ana akili zake. Katika dunia ya Nuru, kitu cha kioo kilichowekwa vizuri kiko mahali pamoja tu, kabati la vyombo la bibi yake. Lile lililofungwa ufunguo, ambalo sisi wote tumekatazwa kuligusa. Akanyamaza na siri yake.

Haikupita muda, wifi yangu akawa na arobaini ya kuzaliwa mtoto wake pale nyumbani kwa Bi Mwana. Kwetu, sijui kwenu, siku hiyo kichanga kinazungushwa nyumba nzima kuoneshwa kwao. Bi Mwana kambeba mjukuu, wanawake nyuma yake na udi na vigelegele, anamwambia, "Hapa ukumbini, wanakaa wageni. Hapa jikoni, usije ukaungua. Huku chooni, usije ukasema hukuoneshwa." Watu wanacheka.

Wakarudi ukumbini, wakalipita kabati.

Nuru akapaza sauti, "Bibi umesahau! Mwoneshe na kisahani changu. Mie nilianzia humo, Mama kanambia."

Vigelegele vikakatika. Wakuu, mji mzima ulikuwa pale, na wote walikuwa wanajua nilivyokaa bila mtoto. Nikaona shingo zinageuka moja moja kuja kwangu. Nikatamani nimbebe mwanangu nitoke mbio.

Bi Mwana akasimama na kichanga chake begani. Nilikuwa namjua, neno moja tu lilimtosha. Angesema mtoto huyu ana maneno, watu wangecheka, ingekwisha. Na Nuru angeamini kuwa nilimdanganya.

Akamwinamia Nuru. Akasema, "Hivi vya kunywea kahawa, Nuru. Chako kiko kwa daktari, Bara. Mamaako alikuwa anakutaka mno, akakufata mpaka huko."

Halafu akawageukia wale wanawake. "Haya, mbona vigelegele vimekatika?"

Wakuu, nililia mbele za watu na sikujali. Kila nilipodhani mwanamke yule ananionea aibu, kumbe alikuwa ananilinda, na siku ile akaamua kumlinda mtoto kwanza.

Wakati wa kuondoka mama mmoja wa Matemwe akanivuta ukumbi wa nyuma. Binti yake kaolewa siku nyingi, analima mwani, hajapata. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Huko Bara wapi, mwanangu?" Nikamwelekeza. Alinishika mkono akachelewa kuuachia.

Nilidhani yamekwisha. Njiani Nuru akaniuliza, "Kwenye kisahani nilikuwa peke yangu?"

Ningeweza kusema ndiyo. Lakini nilikuwa nimeshaona siku ile uongo mdogo unafika wapi.

"Mlikuwa wawili. Daktari alikuwekeni nyote tumboni kwangu. Wewe ukakaa, mwenzako hakukaa."

"Alikwenda wapi?"

"Kwa Mungu."

"Jina lake nani?"

Watu hunipa hongera na mimi hushukuru, na nashukuru kweli. Lakini tangu siku ile daktari aliponionesha picha ya ultrasound na moyo mmoja tu unapiga, kuna mtu ninamtamani ambaye hakuna aliyewahi kuniuliza habari zake. Nilimpa jina siku waliporudishwa wote wawili. Sikuwahi kulitamka, hata kwa baba yake.

Nikamtajia mwanangu, pale pale njiani. Hapa sitaliandika.

Siku hizi baada ya Magharibi Nuru akiomba dua anatutaja mimi, baba yake, bibi yake, kisha jina lile. Mume wangu aliporudi wiki ile akalisikia. Akaniangalia. Nikamwambia ni nani. Alikaa chini kwenye mkeka na nguo zake za kazi, akamwambia Nuru, "Hebu rudia."

Nilichojifunza ni kwamba mtoto mdogo habari hizi anazibeba, tena vizuri kuliko sisi. Mwambieni mapema, kwa maneno machache yaliyo kweli, na akiuliza kitu kiko wapi, zimeni jiko kwanza mjibu sawasawa.

Mliowaambia wanenu, leteni yenu tusikie. Na wenye mtoto ambaye hakukaa, hata kama alikuwa wa siku chache tu na hakuna anayemhesabu, mkitaka andikeni jina lake hapa chini. Nitayasoma yote.