Njia ya Japani Niliyoiandikia Southall

Siku yangu ya kwanza kazini hapa Southall, London, sikuonyeshwa hata kiti. Mkurugenzi, Mpanjabi mzaliwa wa Kisumu, alinipa karatasi na kalamu akaniambia: "Shuka, nenda mpaka stesheni, halafu urudi. Niandikie njia. Kesho mimi nitaifuata kama mgeni."

Nikaandika kwa mbwembwe zote. Toka stesheni, nyoosha, pinda kulia penye gari jeupe linalouza jalebi. Kesho yake Mkurugenzi akaingia amechelewa nusu saa, kilemba kimelowa mvua.

"Binti, gari lako limehamia Hayes."

Ofisi nzima ikacheka, na mimi nikacheka, maana ningefanyaje?

"Gari liko na magurudumu," akasema. "Mimi nataka kitu hakina magurudumu na hakina miguu. Andika daraja. Andika ukuta. Sawa?"

Sawa. Na hiyo ndiyo kazi yenyewe, ninyi mtakaokalia meza yangu. Ninastaafu Ijumaa nikiwa na miaka ishirini na tisa (msinicheke), nami nimeona niwaachie maelezo, kama wazee wa kazi wanavyofanya.

Kampuni yetu, ghorofani juu ya duka la vitambaa, hupanga safari za kutembea bila kiongozi. Mteja tunampa pakiti yenye ramani, tiketi, majina ya nyumba za kulala na maelezo ya njia, hatua kwa hatua, kisha anakwenda mwenyewe. Njia yetu kubwa ni Nakasendo, barabara ya kale ya milimani iliyounganisha Kyoto na mji ambao leo ni Tokyo. Ina vituo sitini na tisa, ambako zamani wasafiri walipumzika na kubadilisha farasi. Mimi, kidato cha nne wa Morogoro, naweza kukutajia vituo hivyo kwa mpangilio huku naosha vyombo. Japani kwenyewe sijawahi kukanyaga.

Nilianzia meza ya pakiti, karibu na mlango. Pale nilitoboa karatasi na kufunga kengele za dubu, vikengele vidogo anavyoning'iniza mtembezi kwenye begi ili dubu amsikie mapema, aondoke zake. Kutoka hapo nikahamishiwa meza ya vyumba, chini ya Msimamizi wa Vyumba, mama wa mtaa wa Kingsbury asiyejua mzaha. Alinifundisha kwamba sanduku kubwa hutangulia kwa gari hadi nyumba ya usiku unaofuata, na mtembezi hubaki na begi dogo, kwa hiyo dawa haziwekwi sandukuni, kamwe. Alinifundisha na habari ya chakula: "Kule wanakula saa kumi na mbili jioni. Siyo na robo. Mwenye nyumba amempikia huyo mtu kwa jina lake. Asipotokea, kijiji kizima kinatoka na tochi."

Meza ya tatu, ya dirishani, ndiyo ya maelezo ya njia. Niliifikia mwaka wa tatu. Tuna mtu wetu anayeitembea njia kila Novemba na kututumia picha, na mwandishi huandika kutokana na picha hizo. Kumbukeni huo mwezi.

Mteja wangu wa kwanza pale dirishani alikuwa Mama Njeri, nesi Mkenya aliyekuwa ndiyo kwanza amestaafu. Alikuja na binti yake, Njeri, ambaye alimjibu mamake kwa Kiingereza kila alichoulizwa kwa Kiswahili.

"Mimi nimekimbia wodini maisha yangu yote," Mama Njeri akaniambia. "Sista! Sista! Nikifika nyumbani, Mum! Mum! Sasa nataka kutembea mahali hakuna mtu ananiita."

Njeri hakutaka kusikia habari ya mamake kwenda peke yake, na magoti yale. Wakabishana mbele yangu hadi wakakubaliana: Mama aende, lakini akipotea hata mara moja, safari za peke yake zimekwisha.

"Mara moja," Mama Njeri akasema, akimpa mkono kama mtu aliyeuza ng'ombe.

Moyo wangu ukamwonea huruma, na huruma ikaniharibia kazi. Siku moja ya kutembea niliiandikia kurasa kumi na mbili. Mkurugenzi alizikata kwa kalamu nyekundu zikabaki tatu. "Unamwandikia njia ama unamshika mkono?" Nikakubali yote, ila mstari mmoja niliurudisha kimyakimya kwa sababu niliupenda: "Njia panda msituni, pinda kushoto penye nyumba iliyotundikwa matunda ya kaki." Ni matunda ya rangi ya chungwa. Humenywa, hufungwa kwenye kamba, hutundikwa barazani yakauke. Kwenye picha yaliwaka kama taa.

Mama Njeri alisafiri mwezi wa Mei.

Saa mbili asubuhi ndiyo naingia ofisini, simu ikalia. Kule kwake ilikuwa saa kumi jioni.

"Msichana wangu, niko njia panda. Nyumba ziko mbili. Matunda hakuna hata moja."

Matunda ya Novemba, na mimi nimempa mtu wa Mei!

"Na Njeri usimwambie," akaongeza.

Nikafungua picha ileile, safari hii nikaacha kutazama matunda. Nyuma ya ngazi za nyumba, chini kabisa, palikuwa na jiwe limechongwa sanamu yenye kichwa cha farasi juu ya taji. Watu wa kale waliweka mawe kama hayo kuwaombea farasi wa mizigo waliofia njiani.

"Mama, tazama chini karibu na ngazi. Kuna jiwe la farasi?"

"Huku hakuna. Ngoja nivuke." Nikasikia kengele ya dubu ikilia taratibu, ikifuata magoti yake. "Kuna jiwe la kuvu tu. Ngoja nilipanguse... Ai! Si huyu hapa farasi!"

"Basi pita hapo hapo, kushoto."

"Haya. Sasa usinipigie."

Sikumpigia. Nilikaa nikitazama saa, nikamweleza Mkurugenzi kila kitu. Hakufoka. Alivuta kiti akakaa karibu yangu, tukangoja wote. Saa nne kasoro dakika tano, kule saa kumi na mbili kasoro dakika tano, mwenye nyumba akatuandikia: mgeni amefika, anavua viatu.

Mkurugenzi akainuka. "Hakina magurudumu, hakina miguu," akasema, "na hakiivi."

Waliporudi ofisini wote wawili, Njeri alimkazia mamake macho. Alipotea, hakupotea?

"Mimi sikupotea," Mama Njeri akasema. "Karatasi ndiyo ilipotea."

"Ni kweli," nikasema. "Kosa ni langu." Nikamweleza Njeri habari ya matunda, naye akacheka hadi akafuta machozi. Kisha akaomba safari nyingine, ya watu wawili, yeye na mamake.

"Wawili?" Mama Njeri akashtuka. "Aende wiki moja baada yangu. Njia ni ile ile."

Pakiti zao ndizo za mwisho nilizofunga, tofauti ya siku saba. Penye njia panda nimeandika jiwe peke yake. Ninyi mtakaonifuata msiliondoe.

Yangu nimeifunga pia. Mimi nakwenda Novemba. Najua sheria ya kazi, kwamba kinachoiva hakiandikwi, lakini wakati huo sitakuwa mfanyakazi tena, na nataka kuyaona matunda yangu.