Kadi Yenye Namba Saba

Watu wengi wa Dzaleka, kambi ya wakimbizi huko Malawi, huitwa kwa majina ya watoto wao: Papa fulani, Mama fulani. Télesphore hakujaliwa mtoto, na mkewe Mathilde alikuwa kaburini mwaka wa nne sasa, kwa hiyo kambi nzima ilimwita fundi, basi. Fundi, redio hii. Fundi, simu imeingia maji. Alikuwa mtu wa Bukavu, zamani mwalimu wa hesabu, na shati lake lilipigwa pasi hata siku asiyotarajia mteja. Mtu mmoja tu alimwita kwa jina lake, naye ni Béatha.

Béatha alikuwa mjane wa Kinyarwanda aliyekaa ng'ambo ya pili ya soko. Mwanawe wa pekee, Izere, alichukuliwa Australia kwa mpango wa kuhamisha wakimbizi miaka sita iliyopita, na kila Jumapili mama na mwana walionana kwenye kompyuta ya mezani ambayo kanisa lilimpa lilipopata nyingine. Kanisa hilo liliogopa wezi kuliko shetani, kwa hiyo kila kipande ndani ya ile mashine kilikuwa kimeandikwa namba saba kwa rangi nyeupe.

Alhamisi moja aliileta dukani kwa fundi kwa kabaza, imefungwa kwa mpira kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, yeye akifuata kwa miguu.

"Kaka Télesphore, sura ya Izere inakatika-katika," alisema. "Inakuwa mistari, kisha inakuwa nyeusi. Na harusi yake iko Samedi ya juma ijayo. Kule kwao itakuwa mangaribi, huku kwetu asubui. Nisipomuona siku ile, nitamuona lini?"

Kwa ugonjwa wa picha Télesphore alikuwa na desturi yake. Hakugusa bisibisi kabla ya kuwasha mashine na kutazama zile sekunde chache za mwanzo, nembo ya kiwanda inapotokea na mfumo bado umelala. Wakati huo draiva, yaani programu inayoiongoza kadi ya picha, haijaamka. Mistari ikitokea hapo, mgonjwa ni kadi yenyewe, na hakuna maombi yatakayoiponya. Nembo ikija safi na mistari ikafuata baadaye, wa kwanza kushukiwa ni draiva.

Nembo ilikuja safi. Akaiwasha tena kwa hali ya usalama, ambayo haitumii draiva ile: safi vilevile. Akapekua, akakuta draiva mpya imejiweka yenyewe Jumapili iliyopita. Ya zamani alikuwa nayo kwenye flashi. Ilikuwa kazi ya robo saa.

Béatha alimwona uso umetulia. Akasimama, akakaza kitenge kiunoni. "Ni kitu kidogo, eh? Basi mi naenda. Nitapita jioni kuichukua."

"Hapana," alisema Télesphore. "Ni kadi. Kadi ya picha imekufa."

Tusimtetee. Alijua anachokisema, na alikisema kwa sauti ileile aliyotumia kuwaambia watu ukweli kwa miaka tisa. Ila alikuwa amemwona mtu anainuka kwenye benchi, na mbele yake kuna mchana mzima wa kuongea na bisibisi. Béatha akaketi tena. Moyo wa Télesphore ukafurahi, kisha ukaona haya kwa kufurahi.

Akaichomoa kadi nzima, nzima kabisa, mbele ya macho yake, akaiweka mezani. Namba saba ilikuwa imeelekea juu. Béatha aliigusa kwa ncha ya kidole, kama mtu anayeaga.

"Tutapata ingine?"

"Tutaitafuta Lilongwe."

Ijumaa alikuja kuuliza habari, na Jumamosi, na Jumatatu. Alikuja na maharage yake ya kuchambua na chupa ya chai, akakaa. Alimsimulia jinsi Izere alivyokataa kunyonya, jinsi alivyovuka mpaka akiwa mgongoni mwake. Alimcheka kwa kupiga pasi shati la kazi. Télesphore naye alijikuta anataja jina la Mathilde huku bisibisi ikiendelea na kazi. Mara mbili alifungua mdomo ili aseme kweli, na mara mbili alimmiminia chai.

Jumatano walipata karatasi za ruhusa ya kutoka kambini, wakaenda Lilongwe pamoja. Huko Area 36 alikuwako Mrundi mmoja, Havyarimana, muuza mashine kuukuu, aliyekuwa akimngoja Télesphore amtengenezee printa. Walibadilishana kazi kwa kadi.

"Hii sijaipima sana," alisema Havyarimana. "Uiache ipate moto saa moja kwanza, uone."

Télesphore aliitikia tu. Kichwani alikuwa ameshapanga: atairudisha ile namba saba kimyakimya, na hii itakaa kabatini. Mwanamke wa kibanda cha chakula aliwaletea nsima, ugali wa kule, na dagaa wa usipa katika sahani moja, akidhani ni mume na mke. Hakuna aliyemsahihisha. Béatha alimsukumia usipa wakubwa kwa ncha ya vidole huku akiendelea na hadithi yake, na Télesphore akala taratibu ili chakula kisiishe. Kwa miaka minne hakuwa na siku kama hiyo.

Lakini njia ya mwongo ni fupi. Béatha aliipakata ile kadi mpya njia nzima, imefungwa katika leso. Walipofika dukani aliifungua mwenyewe, akasimama begani kwa fundi. "Weka, nione." Ingewekwaje nyingine? Akaiweka. Kadi zote mbili zilikuwa za kiwanda kimoja, kwa hiyo alirudisha ile draiva ya zamani na picha ikaja safi. Béatha alipiga makofi. Namba saba ikaingia kwenye kopo la biskuti chini ya meza. Jioni ile umeme ulikatika hadi alfajiri ya Jumamosi, mashine ikiwa bado dukani, na ile saa moja ya kuipima haikupatikana.

Jumamosi ya harusi, asubuhi, Béatha alikuja dukani amevaa mushanana, vazi la sherehe la kwao, la rangi ya chungwa, na jirani yake Raissa akimshikia soda. Saa mbili Izere alitokea kwenye kioo, na suti, na tai iliyopinda kidogo. Béatha alinyoosha mkono kumnyooshea, akagusa kioo. Wakaimba. Mchungaji akaanza kuhubiri. Mara miraba midogo ya kijani ikaota kwenye paji la uso wa bwana harusi, ikaja mistari, likaja giza. Sauti tu ndiyo iliyobaki.

"Mama," Izere alinong'ona kutoka gizani, "unatuona?"

Télesphore aliizima na kuiwasha. Nembo yenyewe ilikuja imechanika mistari, na mfumo bado umelala. Safari hii kadi ilikuwa mgonjwa kweli.

Béatha alimgeukia. Hakulia. Alimtazama tu, kwa imani yote, kama anavyotazamwa mtu anayejua kazi yake. Na Télesphore angeweza kusema ni mtandao. Pale kambini mtandao hubeba dhambi za watu wengi, na hakuna ambaye angeuliza. Kopo la biskuti lilikuwa limegusa mguu wake.

Aliinama akalifungua. Akaizima mashine, akachomoa kadi ya Lilongwe, akaingiza ile nyingine, na namba saba nyeupe ikapita mbele ya macho ya Béatha. Akawasha. Nembo safi. Mfumo ukaamka, simu ikaunganishwa upya, picha ikarudi, na Mungu awabariki wahubiri wasiojua kumaliza, kwani mchungaji alikuwa bado kwenye neno lake la mwisho kwa mara ya pili. Béatha aliona pete. Aliona wote wawili wakipiga magoti mbele ya kamera, akawanyooshea mikono na kuwabariki kwa Kinyarwanda, mpaka mwisho, bila kukosea neno.

Wageni wa kule walipoaga, alimwomba Raissa akamwite kabaza. Wakabaki wawili.

"Ile njo kadi yangu."

"Njo yako."

"Haikukufaka. Ilikuwa nzima."

"Haikukufaka, Mama Izere. Ilikuwa ni pilote tu, ile draiva."

"Sasa ulinidanganya juu ya nini, kwa sababu gani?"

"Juu ulisimama," alisema Télesphore. "Ulikuwa unaenda."

Béatha alikunja ile leso mara nne. "Ungeniambia nikae," alisema, "ningekaa."

Kabaza akafika, mashine ikafungwa kwa mpira. Télesphore alisimama mlangoni mpaka lile vazi la rangi ya chungwa likapotea nyuma ya soko. Kisha akaingia, akaosha kikombe kimoja, na cha pili.

Siku ya nne alimkuta bombani kwenye foleni ya maji. Alijiandaa kwa kila kitu: matusi, mgongo, hata kimya. Béatha alimwona. Akamsalimu vizuri, kwa adabu, kama watu wote wanavyomsalimu.

"Bonjour, fundi," alisema, akainua ndoo yake.