Nyayo za Mgeni Uani

Mmisionari kijana kutoka ng'ambo, aliyepewa chumba cha uani kwetu, ana miezi miwili tu hapa, na mama keshamwita mwanangu. Kila asubuhi hushika ufagio kama mtu anayepiga kasia, viganja vimejaa malengelenge, akafagia huku akienda mbele na kukanyaga palepale alipotoka kufagia. Mimi nilifundishwa kufagia kinyumenyume, tena kwa makofi. Nikiacha unyayo mmoja, narudia ua mzima. Yeye akimaliza, ua wote ni alama za viatu vyake, naye huuliza kwa ile sauti yake ya upole, “Mama, leo je?”

“Leo umeng'arisha, mwanangu.” Mama huyuhuyu, ambaye jani moja tu humkosesha usingizi.

Juzi mgeni alisafiri kwenda kuhubiri katika vijiji vya mbali. Nikauchukua ufagio, nikafagia kinyumenyume, taratibu, kama nilivyofunzwa. Nilipokaribia mlango wake, mama akanishika mkono.

“Hapo paache kwanza,” akasema, akiziangalia zile nyayo. “Mpaka arudi.”

Mimi nilipokwenda shule ya bweni, alizifagia zangu kabla sijafika barabarani.