Kaniki na Sauti Isiyo na Kinywa

Siku hiyo naikumbuka, mwanangu, na hata leo vinyweleo vinanisimama.

Ilikuwa enzi ya Mdachi, vita vya Majimaji vimepamba moto huko bara, nasi tuko Kivinje. Marehemu mume wangu alikuwa mpiga mbiu. Mwenye bidhaa alimpa maneno, naye hakuyanadi kabla ya kuyafikisha kwa Mzee Shomari, mtunza pembe ya mbiu. Mzee akiyakubali, alimkabidhi pembe. Akiyakataa, aliilaza kifudifudi, na mume wangu ilimpasa arudi mlangoni kwa mwenyewe, amrudishie maneno yake pamoja na sababu. Neno lisiporudishwa, walisema wazee, hujitafutia njia.

Basi tajiri mmoja akataka kaniki zake zinadiwe hivi: "Vaeni kaniki hii, risasi haipiti!"

Mzee Shomari akailaza pembe. "Huu uongo utaua watu. Mrudishie. Mwambie asifu rangi yake isiyochuja, hilo nitalipitisha."

Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa na sauti ya simba na moyo wa kuku. Alimwogopa tajiri. Akaja zake nyumbani, akanyamaza, akaketi kula. Na kimya kingi kina mshindo mkuu.

Tuko kwenye ugali, adhuhuri kweupe, mbiu ikalia. Kisha sauti: "Vaeni kaniki hii, risasi haipiti!" Ilikuwa sauti yake, na kale kamkwaruzo kake mwishoni. Nami namtazama, tonge mdomoni, macho yamemtoka. Nilikimbilia mlangoni. Njia ilikuwa tupu. Mzee Shomari alituapia kwamba pembe haikuinuka pale ilipolala.

Jioni kaka yangu Selemani alikuja kuniaga, anakwenda vitani, kajifunga kaniki mpya. Nikamlilia aivue. Mume wangu akaapa kwamba hakunadi kitu.

Selemani akacheka. "Shemeji, nimekusikia kwa masikio yangu. Nawe hunadi kamwe lisilopitishwa na Mzee."

Iliyorudi ni kaniki. Ilikuwa na tundu kifuani.

Kwa hiyo, mwanangu, wewe uliyepewa kazi ya kupeleka maneno ya watu, ukiambiwa "hapana", usilale nayo. Ifikishe kwa mwenyewe siku hiyohiyo, mpe sababu, mwonyeshe la kusema badala yake. Atanuna. Mwache anune, aliyenuna hucheka kesho. Mungu akujalie moyo wa kurudisha neno kwao, na kila sauti yako itakayosikika njiani, iwe imetoka kinywani mwako.