Nilikwenda Kupimwa Fremu, Nikarudi na Bandeji

Jamani, mimi niliingia karakana kwa miguu yangu kuchagua fremu ya baiskeli. Nikatoka nimebebwa mzobemzobe na askari wawili, damu mpaka kwenye soksi.

Tulieni niwasimulie.

Mimi ni mwendesha baiskeli wa mbio. Fremu yangu ya dukani ilikatika nikiwa kwenye mteremko, nikalamba lami. Klabu wakaniambia nipate fremu ya maana kabla ya mashindano makubwa, la sivyo nafasi yangu anapewa mwingine.

Ndipo nikaelekezwa kwa Mzee Shaba. Wanamwita hivyo kwa sababu anaunga mabomba ya chuma kwa shaba, fremu moja moja, kwa mkono, kwa vipimo vya mwili wako kama fundi cherehani.

Akanivua shati, akavuta tepu.

"Kijana, mgongo mrefu, miguu mifupi. Fremu za dukani zilikuwa zinakuonea bure."

Nikacheka. Ukweli unauma, lakini ndiyo hivyo.

Akanipangia mabomba mezani. "Hili jembamba ni jepesi, ila likigongwa linabonyea. Hili nene litakuvumilia. Chagua, mgongo ni wako."

Nikachagua nene. Bado nimelishika nalipima uzito, mlango ukapigwa teke.

Likaingia jitu la miraba minne, macho mekundu. Mwanawe wa kumzaa.

"Baba, lete funguo za karakana!"

"Sikupi. Utaiuza kama ulivyouza nyumba ya mama yako."

Kofi likalia paa! Mzee akaenda chini na miwani yake. Jamaa akamkalia kifuani, akamkaba koo.

Nilidhani ataacha. Wapi! Miguu ya mzee ikaanza kupigapiga sakafu.

Nikaona hapa mtu anakufa. Nikatupa bomba, nikamrukia jamaa, nikamtandika kichwa cha pua. Damu ikaruka. Akanirudishia ngumi ya mbavu, pumzi ikakata. Nikamng'ata mkono. Tukabingirika mpaka chini ya meza, vyuma vinatuangukia kichwani.

Mwishowe nikampanda juu, nikamshindilia ngumi za uso moja baada ya nyingine. Sifichi, nilishapagawa. Jitu zima likaanza kulia.

"Baba, ananiua!"

Mara, kah! Kitu kizito kikatua begani. Nikausikia mfupa wa mtulinga ukivunjika. Nikageuka.

Mzee Shaba kasimama, shingo imevimba, kashika lile bomba nililochagua kwa mikono miwili.

"Mwache mwanangu!"

Akaniongeza la pili.

Majirani wakaita askari. Walipofika, mzee akaninyooshea mimi kidole. "Huyu ndiye aliyetuvamia."

Nikalala mahabusu na mfupa uliovunjika. Nilipoachiwa siku kadhaa baadaye, mashindano yamepita, nafasi kapewa mwingine. Nilimchukia yule mzee kuliko ninavyoweza kueleza.

Mfupa ulipounga, akaniletea ujumbe niende anipime upya. Nikaenda, matusi yamejaa mdomoni.

Nikamkuta jicho moja limevimba, limevilia damu. Kipigo kipya kabisa.

"Mzee, amekupiga tena?"

"Nilianguka."

Akaweka tepu begani kwangu, palepale alipopavunja. "Mkono haufiki kama zamani," akasema. "Nitafupisha bomba la juu." Hakusema samahani, na mimi yale matusi yote yakanikauka.

Ile fremu sasa ndiyo ninayoiendesha, na hainiumizi popote.

Wahenga walisema, wagombanapo ndugu, chukua jembe ukalime. Baba na mwana ndiyo usiseme, hapo beba na panga kabisa uende shamba la mbali. Somo nimelipata, na mfupa ninao wa ushahidi.

Ila kila asubuhi nikitoka mazoezini napita pale karakana. Nagonga dirisha, nasubiri nimsikie mzee akikohoa. Akikohoa, nakwenda zangu.